Maji ya ziwa yamegeuka kijani ukweni: je, kuchemsha kunatosha?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nimeolewa Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, lakini nimezaliwa na kukulia Temeke, maji ninayoyajua mimi ni ya bahari. Desemba iliyopita tuliwapeleka watoto kwa bibi yao, nyumba iko hatua chache kutoka ziwani. Wiki ya kwanza maji yalikuwa mazuri, watoto wakawa wanaoga kutwa. Wiki ya pili yakageuka kijani kama rangi ya mlango, yakanuka, na alfajiri moja tukakuta samaki wakubwa wanaelea kando ya matete. Majirani wakasema kuna watu wametia sumu. Mama mkwe akaendelea kuchota, akasema yakichemshwa hayana neno. Mwanangu wa miaka 6 alitoka vipele vya kuwasha, lakini hakukojoa damu, kwa hiyo nikajua si kichocho. Sasa shemeji anataka kufyeka matete yote tupate ufukwe mweupe kama wa Kigamboni, anasema hapo ndipo maji yatakuwa salama. Tunarudi Desemba hii. Nifanye nini?"*

Dada, naona unataka watoto wako wasidhurike kwa bibi yao, na hutaki kuonekana mkwe mwenye maringo anayekataa maji ya ukweni. Kuna mambo matatu yasiyoweza kungoja, niyaseme kwanza. Maji yenye utando wa kijani hayanyweki hata yakichemka saa nzima. Watoto waliooga kutwa wapelekwe kupimwa kichocho sasa hivi, hapo hapo Dar, hata kama hawajatoa tone la damu kwenye mkojo. Na shemeji aweke panga chini kwanza. Sababu nitazieleza taratibu, maana ukizijua utaweza kuzieleza kwa mama mkwe kwa heshima bila kumwambia kwamba amekosea.

Macho yako yamezoea bahari, na ziwa linakudanganya kwa sababu linafanana nayo. Pale Coco Beach au Kigamboni maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Uchafu wa ufukweni huburutwa, huchanganywa na kupelekwa mbali. Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kwa kuonekana. Kwa ukubwa ni kama kilomita za mraba 68,800, lakini ni karai pana lisilo na kina: wastani wake ni kama mita 40, na penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80. Kinachoendesha maji ya ufukweni pale ni upepo na joto. Ghuba iliyokingwa na upepo inaweza kukaa siku kadhaa maji yakiwa yamelala kama kwenye beseni. Ndiyo maana ufukwe uliokuwa safi Jumatatu unaweza kuwa kijani Jumamosi bila mtu yeyote kutia kitu.

Hicho kijani chenyewe ni viumbe hai, vidogo mno, viitwavyo sayanobakteria. Vinajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea, ila ni jamii ya bakteria. Jambo la kuwatambua ni kwamba ndani ya seli zao wana vifuko vya hewa. Wakati ziwa limetulia wanapanda juu kama maboya, na upepo mdogo tu unawasukuma wote upande mmoja. Waliokuwa wametawanyika kwenye eneo kubwa la maji wanarundikana kwenye ukanda wa mita chache mbele ya nyumba ya mama mkwe. Ukichota kwa kiganja utaona chembechembe kama unga wa muhogo uliotiwa rangi ya kijani, zikikauka kwenye mawe zinaacha ganda la kijani-buluu. Kwa siku chache za mwanzo hunuka kama majani mabichi. Zikianza kuoza ndipo harufu ile uliyoisikia inakuja.

Desemba ni msimu wao. Kati ya Septemba na Aprili hivi, maji ya juu ya ziwa hupata joto na kuelea juu ya maji ya baridi ya chini, matabaka mawili yasiyochanganyika vizuri. Kuanzia Juni hadi Agosti, pepo kavu za kusini-mashariki hulipoza na kulikoroga ziwa mpaka chini. Kwa hiyo ukienda likizo ya Desemba umekuta joto, jua na siku za shwari. Mbolea yao inatoka kwingi: vinyesi na sabuni, udongo unaochukuliwa na mvua mashambani, hata moshi na vumbi la mbuga zinazochomwa, vinavyodondoka ziwani kutoka angani. Mwaka 1927 watafiti walipozamisha sahani nyeupe kwenye maji ya katikati ya ziwa, iliendelea kuonekana mpaka mita 7 au 8. Leo kwenye ghuba nyingi sahani hiyo hupotea kabla ya mita 2. Msimlaumu jirani mmoja kwa jambo lililojengeka kwa karne nzima kuzunguka nchi zote za ziwa.

Si kila kijani ni hatari, na kuna njia rahisi ya kutofautisha. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyo angavu, vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, chota maji hadi robo tatu ya chupa, funika bila kukaza kifuniko kisha iache mahali palipotulia usiku kucha. Asubuhi iangalie bila kuitikisa. Kijani kikiwa kimekusanyika juu kama malai, hao ni sayanobakteria. Kikiwa kimezama chini, au kimetawanyika sawasawa, yaelekea ni mwani wa aina nyingine usio na sumu hiyo. Jaribu pia kijiti: mwani wa nyuzi utaning'inia kama nywele, sayanobakteria wataacha mpako kama wa rangi. Majaribio haya yanakuambia nani yupo majini. Hayakuambii kama ametoa sumu, kwa sababu kundi lile lile linaweza kuwa na sumu wiki hii na wiki ijayo lisiwe nayo. Kwa matumizi ya nyumbani, wachukulie wote kuwa na sumu.

Sasa tuje kwenye kuchemsha, maana hapa ndipo mama mkwe yuko sahihi nusu, na nusu hiyo ni kubwa. Ziwa lina hatari tatu zisizofanana. Ya kwanza ni vijidudu vya kuhara, kipindupindu kikiwemo. Hao moto unawamaliza: maji yakishatokota kwa dakika moja yametosha, hata pale Ukerewe ambako, kwa kuwa ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100. Mama mkwe amelea familia kwa kanuni hiyo na ni kanuni ya kweli. Ya pili ni viluwiluwi vya kichocho, yaani minyoo yake michanga inayoogelea majini, na moto unawaua pia. Ya tatu ni sumu ya sayanobakteria, nayo haina uhai, kwa hiyo haina cha kuuawa. Ukiyachemsha maji ya kijani, seli zinapasuka na kumwaga sumu iliyokuwa imefungiwa ndani, kisha maji yanavyopungua kwa mvuke, sumu inazidi kuwa nzito. Dawa ya klorini ya kutibu maji inafanya vivyo hivyo: inapasua seli, sumu inabaki kwenye ndoo. Kuchuja kwa kitambaa kunapunguza utando lakini hakuondoi sumu iliyokwisha yeyuka.

Wengi wataniuliza kuhusu shabu, ile ya kutuliza tope majini. Shabu ikikorogwa polepole inazishika seli zikiwa nzima na kuzizamisha, hivyo kwa kiasi fulani inasaidia, mradi maji ya juu yamiminwe mapema, kabla tope la chini halijaanza kuoza na kurudisha sumu. Lakini hapo nyumbani hakuna kipimo cha kukuonyesha kwamba kilichobaki ni salama. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi maikrogramu 1 kwa lita ya sumu iliyo maarufu zaidi kati ya hizo, nayo ni kiasi kidogo mno kwa jicho au ulimi. Kwa mtoto wa miaka 6 mimi singecheza bahati hiyo.

Na bahati nzuri huhitaji kuicheza, kwa sababu Desemba kunanyesha. Kila milimita moja ya mvua kwenye kila mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 10 kwa 6 likipata mvua ya milimita 20 linamwaga lita 1,200. Toa yanayoruka na kuvuja, utabaki na zaidi ya 900. Familia ya watu 6 haimalizi lita 30 kwa siku kwa kunywa na kupika. Kanunueni mifereji ya bati na simtanki, au mapipa mawili ya lita 200 kama mfuko umebana. Mvua ya kwanza ya kuosha vumbi na vinyesi vya ndege imwageni: kwa paa hilo, ndoo 3 za lita 20 za mwanzo zisiingie tangini. Kisha hayo mengine yachemsheni kama kawaida ya mama mkwe. Ukiipeleka zawadi hiyo kutoka Dar, hakuna atakayesema umekataa maji ya ukweni.

Twende kwa samaki. Naelewa kwa nini neno la kwanza lilikuwa sumu, kwani uvuvi wa sumu upo na watu wanaujua. Ila ulichokieleza, samaki wakubwa, alfajiri, kando ya matete, baada ya siku za kijani na shwari, kinafanana zaidi na kukosa hewa. Maji ya ziwa yenye nyuzijoto 25, kwa mwinuko ule, hushika oksijeni kama miligramu 7 tu kwa lita. Mchana wale viumbe wa kijani huzalisha oksijeni mpaka ikapita kiwango hicho. Jua likizama wanaacha kuzalisha ila hawaachi kupumua, na tope la chini nalo linakula hewa usiku kucha. Kufika saa 10 hadi saa 12 alfajiri, kwenye ghuba iliyojaa kijani, oksijeni inaweza kushuka chini ya miligramu 2. Wakati mwingine upepo mkali baada ya siku za shwari hupindua maji ya chini yasiyo na hewa kabisa na kuyaleta ufukweni. Hapo utasikia harufu ya yai viza.

Angalia nani amekufa, watakupa jibu. Sangara ndiye wa kwanza kuanguka, hasa mkubwa, kwa kuwa mwili wake unataka hewa nyingi. Sato huvumilia zaidi. Kambare ana kiungo cha kumsaidia kuvuta hewa ya juu, na kamongo ana mapafu kabisa, hao utawakuta wazima. Kwa hiyo sangara wakielea huku kambare na kamongo wakiendelea na shughuli zao, na waliobaki wakitweta juu ya maji midomo wazi, hiyo ni hewa. Sumu iliyotiwa na mtu haichagui hivyo: utakuta vifaranga vya samaki, furu wadogo, dagaa, kaa na wadudu wa majini wamekufa pamoja, saa yoyote ya siku, mara nyingi mahali pamoja, na maji yenyewe yanaweza kuwa maangavu. Ukiona hali hiyo, toa taarifa kwa afisa uvuvi wa kata au kwa kikundi cha usimamizi wa mwalo (ufukwe wanaposhukia wavuvi), BMU, siku hiyo hiyo, kabla maji hayajachanganyika na ushahidi kupotea. Kwa vyovyote vile, samaki aliyeokotwa akielea haliwi, wala hakaushwi kwa ajili ya kuuza. Huwezi kujua amekufa saa ngapi na kwa nini.

Samaki aliyevuliwa hai wakati ghuba ni kijani analiwa, mradi atolewe utumbo na maini, vitupwe mbali na kuku na mbwa, na aoshwe kwa maji safi. Sumu hukusanyika zaidi humo kuliko kwenye mnofu. Dagaa ndio wa kuangalia, kwa kuwa huliwa mzima na utumbo wake. Wale waliovuliwa usiku kwa taa, mbali na nchi kavu, ni chaguo zuri kuliko waliokokotwa ufukweni ndani ya kijani.

Sasa kichocho, na hapa nakuomba unisikilize sana, dada, kwa sababu kosa ulilolifanya linafanywa na watu wengi wa Pwani na linawagharimu. Mtu wa Dar akisikia kichocho anawaza mkojo wenye damu. Hicho ni kichocho cha kibofu, ambacho ndicho kinachojulikana zaidi ukanda wa bahari na Visiwani. Kando ya Ziwa Victoria kinachotawala ni kichocho cha tumbo. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, mayai yanatoka kwa njia ya choo kikubwa, na yanayoshindwa kutoka yanapelekwa na damu mpaka kwenye ini na kukwama humo. Mtoto anaweza kuwa nayo miezi mingi akilalamika tumbo tu, akiharisha mara kwa mara, akichoka, mara nyingine damu kidogo kwenye choo, au asilalamike chochote. Baada ya miaka ndipo ini na wengu huvimba, tumbo linajaa maji, mtu anatapika damu. Mkojo wake muda wote huo utakuwa wa kawaida.

Njia yake ni hii. Choo cha mtu mwenye minyoo kikifika majini, mayai yanaanguliwa na kuingia ndani ya konokono wadogo bapa, mviringo kama kamba iliyokunjwa, wengi hawazidi ukubwa wa kifungo cha shati. Baada ya wiki chache kila konokono anaachia viluwiluwi kwa mamia, kila siku, hasa jua linapokuwa kali, kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri. Huwezi kuwaona. Wanatoboa ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa dakika chache. Ile saa nzuri ya watoto kuoga ndiyo saa yao ya kazi. Vipele vya mwanao vinaweza kuwa alama ya viluwiluwi kupenya, wa binadamu au wa ndege (hao wa ndege hufia kwenye ngozi), na vinaweza pia kuwa muwasho wa sayanobakteria. Kwa kuvitazama tu, na sasa vimeshapona, hakuna awezaye kukuambia ni kipi. Kujifuta taulo haraka baada ya kutoka majini hakudhuru, lakini usikutegemee kama kinga.

Mpango wa maji ya kuoga na kufulia ni rahisi na hauna dawa. Kiluwiluwi asiyepata ngozi hana chakula, hufa ndani ya siku mbili. Kwa hiyo tafuteni mapipa matatu ya lita 200 yenye mifuniko. Watu 6 kwa lita 20 kila mmoja ni 120 kwa siku, pipa moja linatosha na kusaza. Jazeni la kwanza leo, la pili kesho, la tatu kesho kutwa, ndipo mfungue la kwanza, maana limeshalala saa 48. Mnalizungusha hivyo likizo nzima. Maji yapite kwanza kwenye kanga kuukuu iliyokunjwa mara nne ili konokono asiingie na kuendelea kuzalisha humo humo, na kifuniko kikae muda wote mbu wasitage. Usisahau tu kwamba saa 48 zinamaliza viluwiluwi, hazimalizi kipindupindu wala sumu ya kijani. Maji hayo ni ya ngozi na nguo. Kinywani yaingie yaliyochemshwa, na yenye utando yasiingie pipani kabisa.

Anayekwenda kuchota achague saa na mahali. Kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi ni saa nzuri: viluwiluwi bado wachache, na mwanga umeshakuwa wa kutosha kuona mamba, kwani kwenye mialo yenye mamba na kiboko giza la alfajiri na la jioni ndilo baya kuliko yote. Afadhali mtu apande mtumbwi, atoke mita 50 au zaidi nje ya ukanda wa kijani, achovye dumu mdomo ukiwa chini mpaka kiwiko kizame, kisha aligeuze hapo ili lijae maji ya chini ya utando. Beba pia sahani nyeupe ya bati na kamba yenye fundo kwenye nusu mita. Izamishe ukiwa juu ya mtumbwi. Maji yakiwa ya kijani na sahani ikipotea kabla ya fundo, siku hiyo hakuna mtoto anayegusa maji, na mbwa afungwe, kwa sababu mbwa hulamba manyoya yake na kunywa sumu yote.

Kuhusu matete, namwelewa shemeji. Konokono kweli wanapenda maji yaliyotulia penye majani, na mtu akifyeka ataona kama amewafukuza. Lakini Ziwa Victoria lina aina mbili za konokono wa kichocho cha tumbo. Mmoja hukaa kwenye majimaji ya matete na mafunjo, mwingine huishi ziwani kwenyewe, kwenye mchanga na kina cha mita kadhaa. Ufukwe mweupe utamuondolea mmoja na kumwachia mwingine, huku watoto wakiingia kwa wingi zaidi kwa kudhani pamekuwa salama. Na atakachokipoteza ni kikubwa. Matete yanapunguza mwendo wa maji ya mvua yanayotoka shambani, tope linatua kwenye mashina, mbolea inanyonywa na mizizi badala ya kulisha sayanobakteria. Yakiondoka, ghuba itakuwa kijani mapema zaidi na mawimbi yataanza kula ardhi ya mama mkwe. Sato hukulia humo. Na tangu sangara aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 alipowamaliza furu wengi, waliobaki wanajificha ndani ya mafunjo, ambako hewa ya majini ni haba kiasi kwamba sangara haingii kuwafuata. Mashina hayo mnayoyaona kama takataka ndiyo kitalu cha samaki wa kesho.

Tena kuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kabla ya kujenga hata gati dogo la mbao, muulizeni afisa mazingira wa halmashauri. Njia ninayoweza kuitetea ni kijia chembamba cha mita 2 hivi, kimoja kwa majirani wote, chenye mbao za kupita juu ya matete mpaka maji ya kina ili anayechota asikanyage majini. Gugumaji likiletwa na upepo na kuziba hapo, hilo liondoeni bila huruma, mlivute nje mpaka likauke mbali na maji. Lenyewe ni mgeni, linakula hewa ya chini yake na kuwabeba konokono.

Nguvu za shemeji zingefaa zaidi kwenye choo. Shimo liwe zaidi ya mita 60 kutoka ukingo, upande wa juu wa mteremko, na kitako chake kibaki juu ya maji ya ardhini. Mwaka 2020 ziwa lilipanda mpaka karibu na rekodi yake ya 1964, na vyoo vingi vya ukingoni vilifunikwa, yote yaliyomo yakaingia majini. Kama choo cha bibi kilifikiwa mwaka ule, kihamisheni. Bamba la kufulia nalo likae juu, maji ya sabuni yaende kwenye shimo la kokoto. Kijiji kisipopeleka choo ziwani, konokono wanabaki konokono tu.

Mtu akinywa au kumeza maji ya kijani kisha akatapika, akaharisha, akaumwa tumbo au macho yakawa mekundu, aoshwe kwa maji safi na apelekwe kituo cha afya, akiwa na chupa ya yale maji. Akiharisha maji maji meupe kama ya kuoshea mchele, usingoje mpaka asubuhi, anza kumpa maji ya chumvi chumvi, ORS, njiani. Homa kali yenye kikohozi na vipele wiki 3 hadi 8 baada ya kuoga ziwani yaweza kuwa mwanzo wa kichocho. Mkiwa mmesharudi Dar, mhudumu atawaza malaria au taifodi, na kupima malaria ni sahihi, ila mwambie wewe mwenyewe: "Watoto wameoga Ziwa Victoria." Sentensi hiyo ndiyo itakayobadilisha kipimo. Maji yenyewe mkitaka yapimwe, ulizeni maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji Mwanza kabla ya kuchota, wakupe chupa na maelekezo, kwa kuwa sampuli iliyokaa juani kwenye chupa ya soda haina maana.

Kwa waliooga mwaka jana, nenda Temeke, Amana au Mwananyamala wiki hii uombe kipimo cha choo kikubwa cha kichocho. Vituo vingine vina pia kijiti cha mkojo kinachotafuta chembe za minyoo hiyo, nacho ni sawa. Choo kipimwe zaidi ya siku moja, maana mayai hayatoki kila mara. Wakikutwa nayo watapewa prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, baada ya kula. Mhudumu ndiye awapime uzito na kuamua, na wewe na mume wako mpimwe pia. Dawa hiyo inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaiponyoka. Kwa hiyo safari hii, kama mtoto ataponyoka na kujitosa, usikimbilie dawa siku mnayorudi. Hesabu wiki 6 hadi 8 kutoka siku aliyogusa maji kwa mara ya mwisho, uiandike kwenye kalenda ya jikoni, na tarehe hiyo ikifika mpeleke, awe anaumwa au anacheza.